Mara Saba, Moja kwa Udongo

Semhando, mbwa wako amekufa.
Jumanne, alfajiri, kwenye mvua ile nyembamba
isiyo ya kukimbia wala ya kupuuza.
Nakwambia mimi, maana hapa Mikanjuni
hakuna mwingine atakayekuletea habari hiyo.

Mbwa hana matanga, hata akifia Tanga.
Jamvi halitandikwi, sufuria la pilau haliinjikwi,
daftari la rambirambi halizungushwi.
Mama Zainati aliniona na kaniki mchana kweupe,
akauliza, "Kuna msiba?"
Nikamjibu, "Nasugua masizi."

Unakumbuka ulivyomleta?
Ndani ya kapu la baiskeli, kichwa tu kinachungulia,
boga lenye macho.
Nikasema humu ndani tunaswali.
Ukasema atalala nje.
Nikasema, watu watasema.
Ukacheka, na jina ukampa palepale.
Miaka kumi na minne nimelipigia kelele uani:
Watasema, toka kwenye majivu!
Watasema, waache kuku wa watu!
Na kweli walisema, kisha wakachoka.

Saa kumi na moja na nusu, kengele ya baiskeli mara mbili,
naye nyuma ya gurudumu mpaka ghala la mkonge kule Gofu.
Asubuhi mlirudi wote na nyuzi za katani,
wewe kwenye kofia, yeye masikioni.

Ulipokufa, baiskeli tuliiuza.
Yeye hakuambiwa.
Saa ileile alinyanyuka, akajinyoosha, akaenda.
Mlinzi mpya, kijana wa kampuni, mwenye sare,
wiki ya kwanza alimtupia jiwe,
wiki ya pili alimtandikia boksi.
Kukicha Watasema alirudi chini ya dirisha langu
akabweka mara moja tu,
taarifa ya zamu:
hakuna kilichoibiwa.

Mwaka huu macho yaliingia ukungu.
Akawa anafika kwa fundi cherehani, anasimama, anarudi.
Baadaye akawa anafika kwenye mlimau.
Baadaye akawa anageuza kichwa tu, upande wa Gofu.
Meno yaliisha. Nikamlainishia ugali kwa mchuzi wa dagaa,
nikammiminia kutoka juu, nimejitenga,
kama mtu anayezima moto.
Wanasema mkono mtupu haulambwi.
Wangu ulikuwa umejaa, Semhando,
miaka yote hiyo ulikuwa umejaa,
na sikumwachia hata kidole.

Usiku ule alijikokota mpaka kizingitini.
Hakuvuka. Hajapata kuvuka.
Nilifungua mlango nikachote maji ya udhu,
nikamkuta, kidevu juu ya buti lako la mvua
ambalo bado naegeshea mlango.

Chande alichimba, nikampa elfu tano.
Akauliza, "Bibi, nimvute kwa kamba?"
Nikasema hapana.
Nikampakata mwenyewe,
amelowa chapachapa, mwepesi kama tenga tupu.
Na sikio lake, Semhando,
mbona hukuniambia?
Laini, kama kanga iliyofuliwa
mpaka maneno yakafutika.
Nikalishika. Nikaendelea kulishika,
kijana wa watu amesimama na jembe
anatazama ukuta.

Kisha nikanawa kama tulivyofunzwa chuoni,
mara saba, moja kwa udongo.
Udongo niliuchota palepale, juu yake,
ungali na joto la jembe.
Maji yalikuwepo, ndoo mbili tele,
lakini kufika ya sita nilikawia,
na ya saba niliimwaga polepole sana,
kama mtu asiyetaka kutakata.

Ukucha wa gumba umebaki na mstari mweusi.
Sindano ya kuuchokoa ipo hapo dirishani.
Sijaichukua.